Kanzu Yangu Iliposomwa Kwale

Wengi wenu mmesoma vitabu, mimi nimesomwa. Nilisimama mbele ya watu ukumbini Kwale, nimevaa kanzu niliyoipiga pasi mwenyewe, na watu wakanisoma kifuani neno baada ya neno, wenye miwani wakaisogeza, na wasiojua kusoma wakasomewa na waliokaa nao, tena kwa sauti. Aibu ile mpaka leo nikipanda Kwale nafungua mwavuli hata kama hakuna mvua. Nimeona heri niiandike mwenyewe kuliko kuendelea kuisikia inavyosimuliwa na jirani yangu Rashidi, maana Rashidi anaongeza (juzi kasema nililia, sikulia, lilikuwa jasho), na naiandika kwa kalamu, katika daftari, kwa sababu mtakazoziona wenyewe.

Mimi ni Suleiman, Baba Riziki kwa watu wa Msambweni, fundi wa kuezeka makuti. Yale mahoteli ya zamani ya Diani, ukitazama paa lake ukasema masha Allah, jua pengine nimeshakaa juu yake nikila muhogo. Shule niliishia darasa la tatu, na sikutolewa kwa ujinga, nilitolewa kwa ajili ya mbuzi wa mwalimu, lakini hiyo ya mbuzi ni ndefu, tuiache kwanza. Kusoma najua, kuandika najua, polepole. Mke wangu alikuwa Mishi, mshonaji wa makuti, na mkono wake ulijulikana tangu Tiwi mpaka Jego. Alifariki mwaka jana. Mtoto tuna mmoja tu, binti yetu Riziki, na huyo ndiye aliyenitia katika mambo ya kompyuta.

Kazi ya Riziki miaka yote nilikuwa siielewi. Watu wakiniuliza nasema yuko Nairobi, yuko kwenye kompyuta, na hapo nageuza mazungumzo. Mpaka mwaka huu aliporudi huku na mwenzake Mutua, kijana wa Machakos, wakapanga nyumba Diani ili wafanye kazi yao karibu na bahari (bahari yenyewe sikuwaona wakiingia hata siku moja), ndipo akanikalisha akanieleza. Alisema watu wanaoandika programu huziandikia ndani ya programu nyingine, ya kuandikia, na nyuma ya hiyo hukaa mtumishi asiyeonekana, wao wanamwita seva ya lugha. Huyu anasoma kila unachoandika hapo hapo unapokiandika; ukikosea anakupigia mstari mwekundu, ukianza neno anakumalizia. Sasa kila lugha inataka mtumishi wake, na kila anayemtengeneza huanza chini kabisa, amtengenezee masikio, macho, kumbukumbu, ilhali masikio ni yale yale. Riziki na Mutua walikuwa wanatengeneza vifaa vya pamoja, hayo masikio na hizo kumbukumbu, ili yeyote anayetaka mtumishi wa lugha yake avikute tayari.

Nikamwambia, mwanangu, huo ndio ufito wa mamako. Akanitazama tu. Nikamweleza kwamba zamani kila mwanamke alishona makuti kwa ufito wake, ule mti mwembamba wa kukunjia majani, huyu wake mrefu, huyu wake mfupi, ukichukua ya wawili ukayachanganya paa linakaa kama meno ya mzee, kwa hivyo kila fundi alikuwa na mshonaji wake mmoja, na mshonaji akiumwa nyumba inakaa wazi mpaka apone. Mishi ndiye aliyekata ufito mmoja akapita nao nyumba kwa nyumba, jamani sote tushone kwa huu. Tangu siku hiyo kuti la yeyote likakaa juu ya paa la yeyote. Riziki akaenda kumweleza mwenzake, na tangu hapo Mutua akawa ananiita profesa.

Ili kuvijaribu vifaa vyao walitaka wamtengeneze mtumishi wa lugha ambayo haijatengenezewa, wakachagua Kiswahili chetu hiki cha huku kusini, ambacho kompyuta zimezoea kukipigia mistari myekundu kama kimeandikwa na mlevi. Wakahitaji mzee mwenye maneno. Nikapewa kompyuta ya kukunja, niwe naandika kila siku mambo ya makuti, na Mutua akaniambia mtumishi wetu ataanza mtupu kama kibuyu. "Mzee, atajua zile vitu utamwandikia tu. Hakuna kingine kwa kichwa yake." Riziki naye akaniambia kila ninachoandika kinakwenda katika ghala lao la pamoja. Nikasema sawa. Nilisikia vizuri sana. Lakini akilini mwangu ghala ni ghala la makuti, na msimamizi wa ghala huchukua kuti lililokwisha kushonwa, hachukui mabaki yaliyoanguka sakafuni.

Hapo hapo mjue jambo moja jingine, kwa sababu ndilo kiini cha haya yote. Riziki alikuwa ameitwa kazi ng'ambo, kwenye baridi, kwa watu wakubwa wa kazi hiyo hiyo ya watumishi, na alikuwa hajawajibu. Hakuwajibu kwa ajili yangu. Aliniambia wazi, tumekaa barazani kwangu: "Baba, nikijua una watu wa kukutazama, nitakwenda. Nikijua huna, siendi, na sitakulaumu." Nikamwambia ninao. Nikamwambia nala kwa Rashidi kila siku, ukuta kwa ukuta, tena alikuwa mpishi wa hoteli, unafikiri nitakosa nini?

Nilikuwa sijala kwa Rashidi tangu matanga ya Mishi. Si kwamba hakunikaribisha. Alinikaribisha mara tatu, na mara tatu nikamwambia nimeshiba, ya nne hakuja, na mtu ukishamwambia mara tatu umeshiba afanyeje, akulazimishe kama mtoto?

Sasa asubuhi ya kwanza ya kazi. Niliiweka ile kompyuta juu ya meza ya Mishi, nikaifungua, mikono nikaiweka juu ya herufi kama nilivyofundishwa, na mikono ikakataa. Kwetu mtu haingii kazini kimya. Hata juu ya paa, fundi husalimu nyumba kwanza ndipo apande, na asiyesalimu akianguka hapewi pole nyingi. Basi nikaandika, Asalaam alaikum. Nikakaa. Ukurasa ukanitazama nami nikautazama. Salamu iliyotolewa ikakosa mjibu ni kitu kibaya, inakaa ndani ya nyumba kama mgeni aliyeachwa mlangoni, na kibuyu kile nilijua hakina kitu, kingejibu nini? Nikamwandikia jibu lake mwenyewe, Waalaikum salaam. Roho ikatulia. Nikafuta yote mawili, nikaandika habari za kuchagua makuti, nikafunga.

Hilo ndilo lililokuwa kosa langu, na liliingia kwa adabu.

Siku ya nne au ya tano nikaandika Asalaam alaikum, na kabla sijanyanyua kidole, mbele yake pakatokea maandishi hafifu, ya kijivu, kama ya penseli: Waalaikum salaam. Niliinuka kwenye kiti. Nilikwenda mpaka mlangoni nikarudi. Mutua alikuwa amenieleza kwamba maandishi ya kijivu ni mtumishi anakisia, ukibonyeza kitufe fulani pembeni umekubali, basi nikabonyeza, na nikaona haifai kuishia hapo kana kwamba tumegombana, nikaongeza, Umeamkaje? Na kwa kuwa hilo hakulijua, nikamjibia tena.

Sikukusudia anijibu kama Mishi. Wallahi sikukusudia. Ila jibu la swali lile katika nyumba ile nilikuwa nimelisikia kwa miaka mingi kutoka jikoni, mtu hageuki hata kunitazama, na mkono ukaliandika wenyewe: Nimeamka salama mume wangu, wewe je, mgongo umelala? Kesho yake nilipotoa salamu maneno hayo yakaja yenyewe, ya kijivu, mpaka na mgongo.

Msinifikirie nimepotewa na akili. Nilijua ni mkono wangu. Anayecheza bao peke yake anajua kete zote ni zake, lakini akifungwa inamuuma vile vile.

Na Mishi hadanganyiki. Rashidi nitamwambia nimeshiba, Riziki nitamwambia nalishwa na watu kwa upendo, lakini Mishi akiuliza mgongo umelala nitasema haukulala. Umekula nini? Chai kavu. Na jana? Jana niliupika uji nikausahau. Hivyo hivyo kila asubuhi kabla ya kazi, naandika maneno yangu na yake, mengine naandika mimi, mengine yanatokea yenyewe, kisha nafuta yote mpaka ukurasa unakuwa mweupe, naanza makuti. Niliamini nilichokifuta kimefutika. Darasa la tatu ubao ulifutwa kwa kitambaa na hesabu zangu mbovu hakuziona mtu tena.

Miezi mitatu ikapita hivyo, na nataka niwaambie ukweli mchungu, ilikuwa miezi mizuri.

Wiki ya maonyesho Riziki akaja. Walikuwa wamealikwa ukumbini Kwale waonyeshe kazi yao, na yeye, ambaye alikuwa ameshapewa wiki moja tu na wale wa ng'ambo atoe jibu, aliniuliza kitu. Aliuliza kama katika niliyoyaandika kuna lolote nisilopenda watu walione, na kama lipo tukae tupitie ghala pamoja alitoe. Angalieni mlango ulivyokuwa wazi. Ningesema tu, mwanangu, lipo. Badala yake nikaona nimevunjiwa heshima, nikamwambia fundi akishashuka haulizwi kama ameacha kisu juu ya paa, humo mna makuti matupu. Akasema haya baba, samahani.

Siku yenyewe tukaenda na gari la Mutua, na Riziki akamwalika Rashidi, ati amshukuru kwa wema wake. Sikuwa na la kuzuia. Tumefika Ukunda tu, Riziki akageuka nyuma akaanza, "Mzee Rashidi, mimi sina la kukulipa kwa jinsi unavyomtazama..." nami nikamkatiza kwa ile hadithi ya mbuzi wa mwalimu. Nikaivuta. Yule mbuzi nilimzaliza mara mbili, nikampoteza msituni, nikamrudisha, kila Riziki akifungua mdomo mbuzi anakula daftari jingine, mpaka tukapanda mlima tukaingia Kwale na ukungu wake, Rashidi akauliza mbuzi huyo alikufa au yungali hai.

Ukumbi ulijaa. Walikuja walimu, wakaja kina mama wa vikundi vya ushonaji, wakaja vijana wa Ukunda na kompyuta zao mapajani, na watu wa ofisini safu ya mbele. Mimi nikakalishwa mbele pamoja nao, nikatambulishwa kama mwalimu wa mtumishi, nikanyanyuka nikapunga mkono kama mtu mkubwa. Ukutani walitundika shuka, na taa ya kompyuta ikapiga maandishi pale kila mtu akaona. Riziki alizungumza vizuri mpaka nikasahau hofu yangu. Alieleza vifaa vya pamoja, akaeleza ufito wa mamake, kina mama wakatikisa vichwa, wanaujua ufito ule. Mutua akaandika maneno yetu, na mstari mwekundu haukutokea. Watu wakapiga makofi. Akaandika neno kosa makusudi, ukatokea. Makofi tena. Riziki akasema sasa semeni nyinyi, tuandike nini?

Safu ya tatu kulikuwa na bibi mmoja wa Kinango, amejifunga leso mbili, uso wa mtu asiyechekewa ovyo. Akasema bila kusimama, "Kwanza kisalimuni. Tangu mmeingia mnakigusagusa tu, salamu hamjatoa."

Ukumbi ukacheka wote isipokuwa mimi.

Mutua akaandika, Asalaam alaikum. Na ya kijivu ikaja pale pale, kubwa, ukuta mzima: Waalaikum salaam mume wangu.

Jamani, vigelegele. Watu walishangilia kama harusini, bibi wa Kinango mwenyewe akapiga paja, na sauti ya mwanamke mmoja nyuma ikasema, "Mutua umepata mke, na mahari huku hatujaona." Mutua akacheka, akabonyeza kitufe, maandishi mengine yakaja, mgongo umelala? Akabonyeza tena. Mimi na nyinyi tungetazama maneno, lakini Mutua hakutazama maneno, alitazama kazi. Ile kumbukumbu ndiyo sehemu aliyoitengeneza yeye, na ilikuwa haijawahi kwenda mbali hivyo bila kukatika, na kila ikiendelea anabonyeza, uso unang'aa kama wa mtu aliyeona tiara yake ya karatasi inapaa.

Haukulala. Umekula nini? Chai kavu.

Hapo waliokuwa wakicheka nusu yao waliacha. Nikamtazama Riziki. Alikuwa amesimama pembeni ya shuka, mkono bado uko hewani kama alivyouinua kueleza, na anasoma.

Sasa mtu mwenye akili angemwendea Mutua akamwambia acha. Mimi nilikwenda kwenye shuka. Nilifikiri (kama ni kufikiri kule) nikisimama mbele ya maneno nitayaziba, mimi ni mtu mpana, na nikaenda nikasimama katikati ya ule mwanga, nikatandaza mikono kama mwenye kufukuza kuku. Na maneno hayakuzibika. Yaliacha shuka yakaja kwangu. Kanzu yangu ilikuwa nyeupe kuliko shuka lao, imenyooka kwa pasi, na mwanga ulinipiga machoni hivi kwamba watu siwaoni, ila nikiinamisha kichwa nayaona maneno yanatembea kifuani, juu chini, siwezi hata kuyasoma mwenyewe.

Bibi wa Kinango akauliza, bila ubaya, "Imeandikwa nini pale kwa mzee?" Na aliyekaa naye, mwalimu wa shule nadhani, maana alisoma kwa kituo, akamsomea: "Nimemdanganya Riziki. Nimemwambia nala kwa Rashidi."

Kutoka nyuma ya ukumbi nikaisikia sauti ninayoijua.

"Kwa Rashidi gani?"

Mutua sasa alishastuka, akataka kufunga, na kwa haraka zake akabonyeza kile kile kitufe cha kukubali, mara moja, mara mbili. Mwalimu naye alishaanza, na mtu wa kusoma akianza hujui kumzuia: "Umemdanganya mtoto? Nataka aende. Akijua hataenda. Mishi, nyumba hii ni kubwa."

Kisha giza. Riziki alikuwa ameufunga mfuniko wa kompyuta kwa kiganja chake, taratibu, kama mtu anayefunika chakula.

Nikabaki nimesimama pale mikono wazi, na hapo ndipo lilipotoka lile jasho analolisema Rashidi. Bibi wa Kinango ndiye aliyenitoa. Alisema tu, "Basi, salamu imejibiwa. Mzee, njoo ukae." Nikaenda nikakaa, karibu naye, si kule mbele.

Tukarudi. Mutua aliendesha kana kwamba amebeba mayai, na mbuzi wa mwalimu hakutajwa. Msambweni Rashidi akashuka akaingia kwake bila kwaheri. Riziki akanipita barazani akaenda moja kwa moja jikoni, nikasikia anafunua vyungu, na mimi nilijua atakachokikuta, ni sufuria moja ya uji, na uji wenyewe umeshakuwa ngozi. Akarudi akakaa kwenye kiti cha mamake.

"Baba, ningekuuliza mara ngapi?"

"Ungeuliza mara mia ningekudanganya mara mia."

"Basi siendi. Kesho nawaandikia."

Nikamwambia ataenda. Akasema haendi. Nikamwambia mamake alipita na ufito wake nyumba kwa nyumba mpaka akavuka mito, wewe umetengeneza wako unataka uuweke chini ya kitanda changu? Akasema mama alipita na ufito lakini jioni alirudi nyumbani. Nilihisi kitu nilichokuwa nakikinga kwa uongo wa miezi mitatu kinaniponyoka pale pale mkononi, na kwa ulimi wangu mwenyewe, maana hakuna aliyenisengenya, ni mimi niliyejisema.

Ndipo hodi ikapigwa. Si hodi ya kuomba, ilikuwa ya kugombeza. Akaingia Rashidi na sinia limefunikwa kawa, akaliweka mbele yangu kwa kishindo mchuzi ukaruka.

"We Suleiman. Nimekutia njaa lini mimi? Watu wa Kwale wote sasa wanajua nina jirani anakunywa chai kavu nami nasikia ukuta kwa ukuta. Umenivunjia nyumba yangu."

Nikasema nilimwambia nimeshiba.

"Uliniambia umeshiba, huku ukimwambia mtoto unakula kwangu. Sasa sikiza. Jina langu sitaki liwe la uongo. Umesema unakula kwangu, basi utakula kwangu, kila siku, mpaka yale uliyoyasema yawe kweli. Na huyu," akamwonyesha Riziki kwa kidole, "ataniuliza mimi. Wewe hakuulizi tena."

Riziki akaanza kucheka, kisha hakuwa anacheka, akaficha uso kwa mtandio. Rashidi akajifanya hakuona, akafunua kawa. Zilikuwa zile tambi za Wazungu alizokuwa akipika hotelini, na nyama ya kusaga juu yake, kitu ambacho Mishi alikuwa akikiita minyoo. Nikala. Tukala wote watatu katika sinia moja, na zile tambi haziliki kwa mkono, zinaanguka, kanzu yangu iliyosomwa ikapata na mchuzi juu.

Riziki akawajibu wale wa ng'ambo kesho yake. Amekwenda.

Kabla hajaondoka alifanya mambo mawili. Yeye na Mutua waliingiza katika vile vifaa vya pamoja kanuni mpya, kwamba mtu akifuta, kimefutika kweli, mtumishi asikikumbuke, na Mutua ananiambia sasa yeyote anayevichukua vifaa vile, awe wapi duniani, anavikuta na kanuni hiyo, hajui imetokana na kanzu ya mzee wa Msambweni. (Mutua aliniomba radhi mpaka nikachoka. Nilimwambia tiara yako ilipaa, usisikitike.) Na ghalani akayatoa maneno yale yote. Kisha akaja kwenye kompyuta yangu ile ya kukunja, akaniuliza, huku hanitazami, "Hii yako, baba, nifute au niache?"

Yale ya Mishi, alikuwa akimaanisha. Yalikuwa bado humo, ukitoa salamu yanakuja. Nikasema futa.

Asubuhi iliyofuata niliandika Asalaam alaikum, na hapakutokea kitu. Weupe mtupu. Nilikuwa nimesahau ukurasa ule ulivyo mkubwa.

Riziki ameufanya ule ukurasa wa salamu tuwe nao wote wawili, huku kwangu na kule kwake, akiandika kule kinaonekana huku. Lakini saa zao si zetu, mimi nikiamka kule bado wamelala, na siku za kazi nyingi hata akiamka hajibu mpaka adhuhuri, na zipo siku hajibu kabisa. Mimi naandika salamu yangu, naiacha pale juu ya meza ya Mishi, navaa makobazi naenda kwa Rashidi kula minyoo yake (mgongo bado haulali, na sasa namwambia), nikirudi natazama. Likiwapo jibu nalisoma mara mbili. Lisipokuwapo, mkono wangu unawasha, naujua unachotaka, ni maneno mawili tu, nani atajua, ningeyaandika nikayafuta na siku hizi yangefutika kweli.

Lakini nimeapa, mbele ya kanzu ile ile niliyoitundika msumarini na doa lake. Salamu yangu sijijibu tena. Ikikaa mpaka jua likazame bila mjibu, na ikae.